Mizani Moja kwa Mwenyeji na kwa Mgeni

Wakati wa mavuno ya mpunga, msafiri apitaye Mwamkulu, katika bonde la Mto Katuma upande wa Mpanda, huona magunia yamepangwa yakingoja lori. Kila gunia lina mwenyewe. Tuseme kwamba la kwanza ni la Mbende, ambaye babu zake walikaa kuelekea Ziwa Tanganyika tangu zamani. La pili ni la Mfipa aliyetoka Sumbawanga. La tatu ni la Msukuma, ambaye baba yake aliswaga ng'ombe kutoka Shinyanga miaka mingi iliyopita. Mnunuzi afikapo haulizi kabila. Hutia mkono ndani ya gunia, hutazama punje, kisha huliweka juu ya mizani. Gunia zito ni zito, na gunia pungufu ni pungufu, awaye yote aliyelijaza.

Hayo ni ya mpunga. Lakini watu wao kwa wao hawapimani hivyo daima. Ng'ombe akiingia shambani, swali la kwanza huwa: "Ni ng'ombe wa nani?" Nalo ni swali halali. Walakini upesi hufuata neno jingine: "Ni wale wale waliokuja." Hapo mizani imekwisha kubadilishwa, maana kosa la mtu mmoja limebebeshwa watu wote wa kabila lake. Tena mwenye kusema hivyo, huenda ng'ombe wa jirani yake wa tangu utoto waliingia shambani mwake mwaka jana, naye akanyamaza.

Somo letu la juma hili ni juu ya mizani hiyo. Twataka kuuliza: katika nchi iliyojengwa na watu waliohamahama, mwenyeji na mgeni wahukumiweje? Nasi hatutatafuta mfano mbali, kwa kuwa Mkoa wa Katavi wenyewe ni kitabu kilichofunguliwa.

Nani aliyetangulia?

Watu wa kale wa Mpanda na pande zake ni Wabende, Watongwe, Wakonongo, Wapimbwe na jirani zao Wafipa. Hawa wana haki ya kuheshimiwa kama waliotangulia. Mito, vilima na miti ya nchi hiyo hujulikana kwa majina waliyoyatoa wao. Lakini hata wao, wazee wao wakisimulia habari za koo zao, husimulia habari za safari: ukoo huu ulitoka mashariki, ule ulivuka ziwa, huu mwingine ulikimbia vita. Katikati ya karne ya 19 Wangoni wa Zwangendaba, waliotoka mbali kusini mwa Afrika, walifika mpaka Ufipa, na mkuu wao akafa huko. Njia za misafara ya Wanyamwezi na ya watu wa pwani zilikata nchi hiyo kwenda ziwani. Aliyekuja na aliyekuwapo walioana, wakazaa, na wajukuu wao leo hawawezi kujigawa.

Kisha zikaja kazi za nyakati mpya. Madini ya risasi yalipochimbwa Mpanda, reli ya kiasi cha kilomita 210 ilijengwa kutoka Kaliua, ikafika karibu na mwaka 1950. Wafanya kazi walikuja kutoka kila upande. Mgodi ule ulifungwa, lakini mji ulibaki, na wengi waliokuja kwa kazi ya miaka michache hawakurudi kwao. Kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma nao walizidi kuteremka na mifugo yao wakitafuta malisho. Walileta pia majembe ya kukokotwa na ng'ombe, pamoja na ujuzi wa kulima mpunga katika majaruba, yaani viwanja vilivyozungushiwa kingo za udongo ili kuzuia maji.

Hesabu za serikali zatuonyesha jambo hilo waziwazi. Katika sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa ulipoanzishwa, Katavi ilikuwa na watu 564,604. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa watu 1,152,958. Kwa miaka 10 mkoa umezidi mara mbili. Uzazi peke yake hauwezi kuleta ongezeko kama hilo, watu wamehamia. Basi ukikutana na watu wawili katika njia ya Mpanda, si ajabu kama mmoja wao amezaliwa kwingine, au mzazi wake. Katika nchi ya namna hii, neno "mgeni" latuambia tu nani alikuja mapema na nani alichelewa. Halituambii nani ni mwema na nani ni mbaya.

Mgeni mmoja wa Karema

Wakatoliki wa Katavi wana mfano wao wenyewe, nao haufai kusahauliwa. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ndipo Wamisionari wa Afrika walipopokea ngome ya Wabelgiji mwaka 1885 wakaanza misioni. Miaka michache baadaye alifika huko kijana mweusi ambaye hakujua hata lugha moja ya nchi ile. Jina lake Adriano Atiman.

Atiman alizaliwa katika nchi za Mto Niger, Afrika ya Magharibi, karibu na mwaka 1866. Angali mtoto aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara na wafanya biashara ya watumwa. Wamisionari wa Kardinali Lavigerie walimkomboa kwa fedha huko Algeria, kisha akapelekwa kisiwa cha Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa katekista na tabibu. Alioa binti wa Kibende, na mtoto wao Yosefu akawa padre mwaka 1923. Atiman mwenyewe aliwatibu watu wa Karema hata alipofariki mwaka 1956. Jumla ni miaka 67.

Yafaa tuyatafakari hayo. Kama wazee wa Karema wangaliuliza kwanza, "Huyu ni wa kabila gani, na kwao ni wapi?" wasingalipata jibu la kuwaridhisha. Hakuwa na ukoo pale. Hakuwa na kaburi la babu. Alikuwa na dawa, mikono safi, na moyo wa kuamka usiku. Wao walimpa nyumba, mke na jina jema, naye akawapa maisha yake yote. Wahenga walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko Karema maneno hayo yalitimia kwa dhahiri, kwa sababu wagonjwa walipona kweli.

Waliokuja mwaka 1972

Huenda msomaji atasema, "Atiman alikuwa mtu mmoja, tena mwenye elimu. Wakija maelfu na mikono mitupu, je?" Swali hilo ni la haki, na Katavi imelijibu pia.

Mwaka 1964 wakimbizi wa Kinyarwanda walioletwa kutoka Kivu, Kongo, walipewa mahali pa kukaa Mwese, katika milima ya Mpanda. Kisha mwezi wa Aprili 1972 yakaanza mauaji makubwa katika Burundi, na watu wengi sana wakakimbilia Tanzania. Serikali iliwafungulia makazi matatu: Ulyankulu upande wa Tabora mwaka 1972, Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Haikuwa nchi iliyokwisha kulimwa. Yalikuwa mapori ya miombo yenye mbung'o. Huko Mishamo kila jamaa ilipewa hekta 5, pamoja na kazi ya kukata miti, kung'oa visiki na kuchimba visima. Watu hao walilima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yakijilisha, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilikuwa limekabidhi mzigo kwa serikali. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi alivyowapokea wakimbizi.

Mwaka 2007 wakimbizi hao wa 1972 waliulizwa: je, mwataka kurudi Burundi, au mwataka kuwa Watanzania? Kiasi cha watu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Serikali ilikubali maombi ya watu zaidi ya 160,000, nao wakaukana uraia wa Burundi. Lakini ziko siku za kungoja ambazo hatuna budi kuzikumbuka. Maombi yalikubaliwa kufikia mwaka 2010. Hati za uraia zilianza kutolewa mwezi wa Oktoba 2014. Tena kwa muda waliambiwa ya kwamba yawapasa kuyaacha makazi na kutawanyika katika mikoa mingine, shauri ambalo baadaye liliachwa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtu ameiacha nchi yake ya kwanza kwa kiapo, na nchi ya pili bado haijamtia karatasi mkononi. Apande mwembe au asipande? Aezeke nyumba kwa bati au angoje? Kwa mkulima miaka minne si kitu kidogo.

Hata hivyo, jambo lilitimia. Nchi nyingi tajiri hazijafanya lililofanywa na Tanzania kwa watu wengi namna hiyo kwa mara moja. Yatupasa kujivunia. Walakini hati ya serikali haiwezi kufanya kazi yote. Tuseme yuko mtoto ambaye babu yake alifika Katumba mwaka 1973, baba yake alizaliwa Katumba, na jamaa yote ina hati tangu mwaka 2014. Shuleni akikosana na mwenziwe juu ya kalamu, anaitwa "mkimbizi". Mtoto huyo hajakimbia kitu chochote. Neno hilo hakulisikia mahakamani wala ofisini. Lilijifunzwa na mwenziwe nyumbani, mezani pa chakula, kwa kumsikiliza mzazi. Hapo ndipo somo hili linapotugusa sisi wazazi.

Malalamiko ya mwenyeji

Lakini mizani ina sahani mbili, wala si haki kumwambia mwenyeji, "Nyamaza, pokea tu." Mwenyeji naye ana malalamiko, na mengine ni ya kweli. Misitu imekatwa. Mashamba yamesogea mpaka kwenye hifadhi. Wakulima na wafugaji wamegombana. Mto Katuma wenyewe ni ushuhuda. Mto huo hunywesha mashamba ya mpunga, kisha huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Maji yakikingwa huku juu kwa matuta na mifereji isiyo na mpango, wakati wa kiangazi viboko wa hifadhini husongamana katika madimbwi ya tope, na mkulima wa chini naye hukosa maji.

Hapo ndipo hukumu ya haki inapojaribiwa. Njia moja ni rahisi: kusema kwamba mto umekauka kwa sababu ya wageni. Njia ya pili yataka kazi: kwenda kutazama ni nani aliyeziba maji, kwa ruhusa gani, na kwa kadiri gani. Atakayeifuata njia ya pili atakuta ya kwamba mfereji haramu haujui kabila. Akiziba Msukuma, ameziba. Akiziba Mbende, ameziba vile vile. Tena wako wageni wengi walio wanachama waaminifu wa vikundi vya umwagiliaji, wafunguao maji siku ya zamu yao na kuyafunga saa ikiisha. Kuwaadhibu hawa kwa kosa la wengine ni dhuluma, tena hakurudishi hata tone moja la maji mtoni.

Kadhalika mgeni asiifanye shida yake kuwa ruhusa. Mtu aliyekimbia ukame hana haki ya kukausha shamba la mwenzake. Akipewa mahali, na aulize mipaka. Akikuta mti wa tambiko au makaburi ya watu, asilime juu yake. Akiwa na ng'ombe wengi kuliko nchi inavyoweza kuwalisha, asikilize shauri la kijiji. Wahenga walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wengi hulitumia neno hilo kwa kumfukuza mvivu. Lakini lina maana nyingine iliyo bora: mwenye kupewa jembe amekwisha kuingizwa katika kazi ya nyumba. Amepata wajibu, na pamoja na wajibu amepata sehemu yake katika mavuno. Haifai kumpa mtu jembe na kumnyima sahani, wala kumpa sahani bila jembe.

Mgeni wa jana mlangoni

Kuna hatari moja ambayo imeonekana katika kila nchi iliyojengwa na wahamiaji. Mgeni wa jana, akiisha kuota mizizi, husimama mlangoni amzuie mgeni wa leo.

Marekani ni mfano mkubwa. Katika miaka ya 1840 Waayalandi Wakatoliki walikimbilia huko kwa njaa na umaskini. Walichukiwa kwa dini yao na kwa ufukara wao. Mwaka 1844 makanisa ya Kikatoliki yalichomwa moto katika mji wa Philadelphia. Waliochoma walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliovuka bahari ile ile. Mwaka 1924 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwahesabu wahamiaji kwa nchi za asili yao, ikawabana watu wa kusini na mashariki ya Ulaya na kuwafungia mlango karibu watu wote wa Asia. Mpango huo haukuondolewa mpaka mwaka 1965. Na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1960, mjukuu wa kizazi cha wale Waayalandi waliodharauliwa, John Kennedy, alichaguliwa kuwa Rais. Wale waliosema kwamba watu wa namna hiyo hawawezi kuwa raia wema, walikosea.

Nchi yetu nayo ilisimama katika njia panda hiyo mapema. Mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili sheria ya uraia. Wako wabunge waliotaka uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Nyerere, wakati ule Waziri Mkuu, aliwapinga kwa ukali, akaweka serikali yake rehani juu ya jambo hilo. Kwake msingi wa uraia ulikuwa uaminifu kwa nchi, wala si rangi. Shauri lake likashinda. Leo Katiba yetu, katika ibara ya 13, yasema juu ya usawa wa watu mbele ya sheria, na katika ibara ya 17 yampa raia uhuru wa kwenda na kukaa popote katika nchi. Basi Msukuma akikaa Mwamkulu kwa kufuata sheria, hakupewa hisani na mtu. Anatumia haki yake, ile ile ambayo Mbende huitumia akifungua duka Mwanza.

Yatupasayo nyumbani

Mwaka 1952 Papa Pius wa 12 alipoandika juu ya wahamiaji na wakimbizi, aliiweka mbele ya macho yetu Jamaa Takatifu ya Nazareti iliyokimbilia Misri. Yosefu, Maria na Mtoto walikuwa wakimbizi wasio na karatasi. Hatusomi popote kwamba Wamisri waliwaletea taabu. Ni vema kukumbuka ya kwamba nchi ya kigeni ilimhifadhi Mwokozi wakati mfalme wa nchi yake alipotaka kumwua.

Basi tuyatende mambo matatu. Kwanza, tuhukumu tendo, tusihukumu asili. Mwizi aitwe mwizi kwa sababu ameiba, wala kabila lake lisitajwe kana kwamba nalo limeiba. Pili, tuzilinde ndimi zetu mbele ya watoto. Neno la dharau lisemwalo jioni nyumbani, kesho yake asubuhi li shuleni. Tatu, sheria ya ardhi na ya maji tuidai kwa wote, tukianza na sisi wenyewe. Mwenyeji avunjaye zamu ya maji hana kinywa cha kumshtaki mgeni.

Turudi Mwamkulu, penye magunia yetu. Mnunuzi amemaliza kupima. Lori limejaa, na mpunga wa Mbende, wa Mfipa na wa Msukuma umelala pamoja katika safari moja ya kwenda kulisha mji. Mpishi atakayeuosha hatajua ni nani aliyeupanda. Atajua tu kama ni safi au una mawe. Nasi tungependa kuhukumiwa hivyo siku ile tutakapokuwa wageni mahali fulani. Na tuwahukumu wenzetu hivyo leo.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa

1. Babu na bibi zetu walitoka wapi, nao walipokewa namna gani walipofika?
2. Ni neno gani la dharau juu ya wageni tulisemalo nyumbani kwetu bila kufikiri?
3. Katika kijiji au mtaa wetu, je, kosa la mwenyeji na kosa la mgeni hupewa adhabu moja?
4. Ni kazi gani njema iliyofanywa hapa kwetu na mtu aliyetoka mbali?